Tepu ya riili: soma yaliyonikuta kabla hujalipa

Jana msomaji kanitumia meseji, kapata mashine ya riili (ile ya kurekodia sauti kwenye tepu inayozungushwa kwenye magurudumu mawili), sasa anauliza anunue tepu gani ya kurekodia manake kaona za zamani zinauzwa bei ya kutupa. Niliposoma hiyo "bei ya kutupa" nikakaa chini kabisa.

Mimi nilinunua riili kumi hivyohivyo, za miaka ya 80, muuzaji anaapa zimetumika mara moja tu. Kwa macho zilikuwa safi, zinang'aa. Nikaita wenzangu, tukafunga maiki, tukarekodi, na kuna teki moja ya usiku ambayo dada aliyekuwa anaimba alipomaliza hakuna aliyeongea, kila mtu alijua ndo yenyewe. Nikaiweka kabatini. Miezi minane baadaye naitoa tufanye miksi, tepu inalia kama bawaba kavu, sauti za juu zinafifia, mara inaganda kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma tepu. Badala ya kusimamisha nikalazimisha! Kufungua nakuta uji wa kahawia umenata hedi nzima, na ule uji ndo ilikuwa teki yetu. Yule dada hakunilaumu, na mpaka leo hilo ndo linaniuma zaidi.

Baadaye sana ndo nikaelewa. Tepu nyingi za miaka ya 70 na 80 gundi yake inayoshika unga wa sumaku ni ya poliyurethani, inanyonya unyevu wa hewa taratibu mpaka inalainika, haijali imetumika mara ngapi. Ningeipika kwanza kwenye joto la nyuzi 54 za Selsiasi hivi kwa masaa nane au zaidi, ingekubali kupigwa kwa muda nikaikopi. (Tepu ya asiteti, yaani ya plastiki ya aina ya zamani zaidi, usiipike kabisa, utaiua. Ukiinua riili kwenye mwanga asiteti inapitisha mwanga.)

Kwa hiyo nunua mpya. Zipo, RecordingTheMasters wa Ufaransa wanatengeneza, ATR Magnetics wa Marekani pia. Ila usikimbilie ile kali kuliko zote kama nilivyotaka mimi, angalia mashine yako kwanza. Kwa hao RecordingTheMasters, SM900 inameza sauti kubwa sana lakini inataka bayasi kubwa (umeme wa ziada ambao mashine inautia kwenye tepu wakati wa kurekodi), mashine nyingi za nyumbani haziifikishi na matokeo yake ni mkwaruzo. Ya nyumbani chukua LPR35, nyembamba, inalala vizuri kwenye hedi. Ya studio inayovuta kwa nguvu, SM911 nene. Ukishachagua baki na hiyohiyo na fundi akuwekee bayasi kwa tepu hiyo, ukibadilisha aina kila wiki unaharibu kazi mwenyewe.

Na piga hesabu. Riili ya inchi 7 ya tepu nene ni futi 1,200, kwa spidi ya inchi 7.5 kwa sekunde unapata dakika 32, kwa 15 unapata 16 tu. Watu wanashusha spidi kubana matumizi afu wanalalamika tepu ina shhh! Jamani, kama wimbo una thamani kwako upe tepu mpya na spidi yake, mimi tangu nianze hivyo sijapoteza hata teki moja, na kazi yetu ya mwisho imetoka safi mpaka pumzi ya mwimbaji unaisikia.

Ndugu msomaji, nitumie jina la mashine yako na saizi ya riili inayoingia, na zile za bei ya kutupa usilipie kwanza.