Re: Jina, kijiji na simu vimekaa seli moja, navitenganishaje?

Mkuu, hiyo orodha ya wakulima wa korosho Tandahimba usiipige upya, maadamu kila kitu kimetengwa kwa mkato. Ingiza kolamu mbili tupu kulia. Excel itamwaga data hapo, na ukibofya OK bila kusoma onyo, vilivyokuwepo vimekwenda. Chagua kolamu yote, kisha Data, Text to Columns, Delimited, Next, tiki Comma, Next. Hapa wengi hukimbilia Finish. Subiri: bofya kolamu ya simu, weka Text, la sivyo 0 ya mwanzo inadondoka. Nafasi iliyobaki kabla ya kijiji iondoe kwa =TRIM(B2).

Ukitaka kuviunganisha tena, fomula ni =A2&" "&B2. Ukitaka kufuta kolamu za awali, kwanza nakili matokeo ubandike kwa Paste Values, usije ukaletewa #REF! orodha nzima.