Barua kwa mwanangu kuhusu mkopo wa mdogo wako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata, na nimeona jibu lake halienei kwenye simu, kwa hiyo nakuandikia. Sisi huku Pemba wazima, alhamdulillah. Mvua zimekatika na watu wameanza kuangalia mikarafuu.

Umeniuliza kuhusu mziwanda wangu. Amefaulu Fomu Siksi, sasa achukue mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kama ulivyochukua wewe, au wewe ujibane umlipie ada mwenyewe ili asije akakatwa mshahara kama unavyokatwa? Na mwisho ukatia neno ambalo nimelisikia uchungu wake: eti kama chuo chenyewe kilistahiki gharama ile.

Nitakujibu. Ila kwanza nataka tuzungumze habari ya mjomba wako, kwa sababu wewe unaijua nusu tu.

Mjomba wako alipata nafasi ya kusoma Khartoum. Masomo bure, malazi bure, tiketi ya ndege juu yake mwenyewe. Wakati ule Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1998, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ikafuata baadaye, kwa hiyo mwenye kutaka digrii alikuwa hana budi avuke maji. Sisi tulikuwa watoto wa elimu bila malipo, ile iliyotangazwa Septemba 1964. Babu yako hakuwahi kutoa ada ya skuli kwa mtoto wake yeyote, na alidhani itakuwa hivyo hivyo hadi mwisho. Tiketi ndiyo iliyomwamsha.

Akakodisha mikarafuu yake. Mwanzo ile ya bondeni tu, iliyokuwa ikizaa vizuri. Mwenye kukodi akatoa fedha kwanza, na mavuno yakawa yake misimu kadhaa. Sasa misimu ile ndiyo iliyokuwa ya balaa. Indonesia, ambao ndio waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu, walikwishapanda mikarafuu yao hadi ikawatosha, na bei ya dunia ikaporomoka katika miaka ya themanini. Mikarafuu aliyobakiwa nayo babu yako ikawa hailipi hata wachumaji. Akaikodisha na hiyo. Nakumbuka tukipita njia ya bondeni, watu wa mwenye kukodi wamo juu ya miti wakiimba, na babu yako anawaamkia kwa adabu kama mgeni katika shamba la mwenziwe.

Mjomba wako alisoma, akarudi, akaajiriwa. Na hapo ndipo deni lilipoanza. Hakuna aliyeliita deni. Hakuna aliyeliandika.

Harusi ya mama yako mdogo ilipokaribia, wazee walikutana barazani kwetu. Mimi nilikuwa ukumbini nachambua karafuu. Unaijua kazi yenyewe: unakamata kishada, unakisugua kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinageuka rangi na sabuni haivitakasi. Nikamsikia babu yako, kwa sauti ya kufika hadi jikoni: "Huyu nimemsomesha kwa mikarafuu yangu. Gharama za harusi ya dada yake muulizeni yeye." Mbele ya watu. Mjomba wako alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Inshaallah, baba."

Wiki ile ile alikuja ndani kuomba maji. Aliponyosha mkono kupokea kata nikaona hana saa. Ile saa aliyokuja nayo kutoka Sudani, hakuwahi kuivua hata akienda kuoga pwani. Pale ilipokuwa pamebaki alama, ngozi nyeupe isiyojua jua. Aliona ninaangalia, akashusha mkono wa kanzu. Harusi ilifana, watu waliisifu, na mimi hadi leo ikitajwa harusi ile naona ule mkono. Bado inaniuma, mwanangu. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na bado inaniuma.

Baada ya hapo ikawa mabati ya nyumba. Ikawa nauli za wagonjwa kwenda Unguja. Mimi mwenyewe cherehani yangu ni yeye. Kila alipotaka kujenga chumba chake, likatokea jambo, na kila jambo lilikuja na maneno yale yale: sisi tumekusomesha. Alipofariki babu yako, jeneza likiwa mbele, ni yeye aliyesimama kuyasema yale yanayosemwa, kwamba anayemdai marehemu aje kwa warithi. Walikuja watu, na vijideni vidogo vidogo, vikalipwa siku hiyo hiyo. Lakini nani angesimama kusema kile alichodaiwa mjomba wako kimelipwa au hakijalipwa? Hakuna daftari lake. Nami nimekwambia tangu uko mdogo, na nakwambia tena: deni lenye karatasi lina mwisho.

Ndiyo maana ulipoleta ile fomu ya Bodi sikusita. Mdhamini ni mimi. Nilitia saini mbele ya sheha, na jirani zangu wakaniambia nimejitia kitanzi. Mimi niliona mtoto wangu anadaiwa na ofisi, si na baraza. Ofisi haiji harusini kukusimanga.

Najua utaniambia nini. Utasema, mama, ofisi inakata asilimia 15 ya mshahara kabla sijauona. Kweli. Na utasema karatasi nayo hubadilika mtu akishatia saini: wa mwanzo walikuwa wakikatwa asilimia 8, sheria ikaja kubadilishwa 2016 ikawa 15, na wale waliokopa zamani nao wakaingizwa humo humo. Hilo nimelifikiri sana na sina jibu lake zuri. Halafu kulikuwa na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka, uliyokuwa ukinipigia simu kuniuliza kama si riba, na unalipa na deni halishuki. Ile ilinikosesha raha kuliko kukatwa kwenyewe. Nilipomsikia Rais Samia siku ya Mei Mosi 2021 anasema inafutwa, nilisujudu pale pale mbele ya redio. Kwa hiyo karatasi inaweza kubadilika kwa ubaya na kwa wema. Lakini angalau ipo. Unaweza kuifungua ukaona umebakisha ngapi. Mjomba wako angeifungua nini?

Tena nijirudi kidogo, nisije nikamdhulumu baba yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa alichokuwa nacho chote, na alivaa kanzu moja yenye kiraka Idi baada ya Idi ili mwanawe asome. Mtu aliyetoa kiasi kile, halafu miti ikamsaliti, alitaka aone kitu mkononi. Namfahamu. Na mjomba wako naye, ukimuuliza leo, atakwambia hajuti; na si uongo, kwa sababu watoto wote wa nyumba ile walikuja kusoma kwa sababu yake. Labda familia ndivyo inavyokwenda na mimi ndiye ninayelishika jambo vibaya. Lakini kila nikijaribu kulishika vizuri, naona ile alama ya saa.

Sasa na mimi. Wewe unajua mwani umelipa nini: kitanda chako cha bweni, ile kompyuta, nauli za boti kila likizo, na zile siku ambazo bumu, zile fedha za mkopo za kujikimu, lilichelewa ukawa unakunywa chai kavu. Maji ya bamvua yakipwa niko baharini nafunga mwani kwa taitai, vile vikamba vyake, yakijaa niko nyumbani naanika. Umeniuliza mara nyingi jumla yake, na mwaka jana ulitaka "kunirudishia". Sikuiandika kwa makusudi, na sitaki kuikumbuka. Nilikupa. Usije ukamsikia mtu wa nyumba hii, awe dada yako au ami zako, anakwambia mama yako alikusomesha kwa mwani, ukavua saa.

Na hapa ndipo lilipo jibu langu, ingawa si lile uliloliuliza. Wewe umeniuliza kama mkopo ni mzito. Mimi ninachokiogopa ni wewe kumlipia mdogo wako. Leo utasema unatoa kwa mapenzi, na ni kweli unatoa kwa mapenzi, moyo wako naujua. Lakini una mke, una mtoto, inshaallah utapata wa pili, na siku moja fedha zitabana, na mdogo wako atanunua pikipiki, na utasema neno. Neno moja tu, tena kwa haki yako. Naye atalibeba kama mjomba wako alivyobeba. Sitaki niwe hai niyasikie maneno yale mara ya pili katika nyumba yangu.

Kuhusu kama chuo kilistahiki, nikwambie nilichokiona. Niliporudi hospitali na karatasi ya vipimo, niliipiga picha nikakutumia, ukanieleza sukari yangu kwa maneno ninayoyafahamu, ukaniambia tambi na maji ya miwa basi. Sasa majirani wote wananiletea karatasi zao nikutumie. Hilo kwangu ni kubwa. Lakini namjua pia mtoto wa nyumba ya pili, ana digrii, na bado anaendesha bodaboda, na deni lake linamsubiri siku atakayoajiriwa. Na najua kijana aliyepita Mafunzo ya Amali, chuo cha ufundi pale Vitongoji, umeme anaujua, na simu yake hainyamazi. Kwa hiyo siwezi kukwambia chuo kinalipa, wala hakilipi. Inategemea mtoto anakwenda kusoma nini.

Na mtoto mwenyewe hajaulizwa! Mimi na wewe tunaandikiana, na yeye yuko hapa nje anatengeneza redio ya jirani. Jana nilitaka nimwambie ninavyoona mimi, neno likafika mdomoni, nikalirudisha. Mama akishasema kwetu hapa, basi, hakuna wa kupinga, na hilo deni la miaka mingi atalipa yeye, mimi sitakuwepo. Ninayo rai yangu, na wewe umeshaiona imetokeza katika barua hii kila mahali, siwezi kuificha. Lakini sitamwamulia.

Mpigie wewe. Muulize anataka kusoma nini, na kama SUZA hapo Unguja inamtosha au lazima aende Bara. Mwambie ukweli wote wa makato, hata ule wa 2016, usimpunguzie. Akisema anakopa, cheti chake cha kuzaliwa na cha kifo cha baba yenu ninavyo sandukuni, vitahitaji kuhakikiwa kabla dirisha la maombi halijafungwa, kwa hiyo asikawie. Akihitaji mdhamini, nipo, saini yangu haijabadilika. Akisema anakwenda Vitongoji, nijulishe nimtafutie viatu vya kazi.

Msalimie mkeo, na mjukuu wangu mpigie busu.

Mama yako