Kannappa (2025): subirini mwisho wake

Uliyeuliza kama Kannappa, filamu ya India, ni ya ibada au ya mapigano tu: ni vyote viwili, ila mapigano ndiyo yamekula muda. Nusu ya kwanza ni vita vya makabila, nyimbo, na mandhari ya New Zealand walikopigia picha sehemu kubwa. Panapendeza, lakini si Kalahasti ya Andhra Pradesh, India, ambako kisa chenyewe kinatokea, na jambo hilo lilinikera sana.

Mwisho ndio wenye filamu. Thinnadu, mwindaji aliyekuwa haamini miungu, anamwabudu Shiva, mungu wa Kihindu, kwa namna anayoijua yeye: anampelekea nyama ya porini, maji anayabeba mdomoni. Kwa kuhani hiyo ni najisi. Kisha jicho la jiwe takatifu la Shiva linatoka damu, anang'oa lake na kulipachika pale. La pili nalo linapoanza kuvuja, anaweka mguu juu ya jiwe hilo ili akishapofuka ajue pa kupachika. Hapo Vishnu Manchu, anayecheza Thinnadu, ameigiza kwelikweli, machozi yalinitoka.

Nyota Prabhas na Akshay Kumar hawakai sana kwenye kioo, usiitafute kwa ajili yao. Na ile sehemu ya macho usiwaonyeshe watoto wadogo.