Piga Goti Kabla ya Kurusha: Trauti wa Mwezi Mei

Majira ya kuchipua mawili ya kwanza niliyovua kwenye Spring Creek, katikati ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, nilirudi nyumbani mikono mitupu. Na trauti, samaki wa mito ya maji baridi, namfahamu tangu utoto. Nimekulia upande wa Nyeri, karibu na mto Gura, ambako trauti wa kahawia waliwekwa mwaka 1905, na sisi watoto tuliwanasa kwa minyoo. Huku nilikuja na mazoea yaleyale: nafika ukingoni, nasimama wima, natupa mshipi. Lakini maji ya kijito hiki yanatoka kwenye chemchemi za mawe ya chokaa, ni maangavu kama kioo, na samaki anakuona kabla hujafungua begi.

Trauti hukaa ameelekea kule maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Basi mfuate kwa nyuma, ukipanda na kijito kutoka chini kwenda juu. Usikanyage kwa kishindo, maana mtikisiko wa ardhi unamfikia. Nikibakiza mita nane hivi napiga magoti. Suruali inalowa na mgongo unauma, ila magoti yamenipa samaki wengi kuliko fimbo ya bei niliyoinunua mwaka ule wa kwanza.

Ukishafika, usirushe. Tazama maji kwanza, hata robo saa. Katikati ya Mei, mchana juu ya maji mara nyingi huwa kimya. Trauti anakula viluwiluwi vya wadudu huko chini, nami hufunga chambo bandia, kidogo chenye uzito, cha kumwiga mdudu, kinachobingirika karibu na changarawe. Jua likianza kushuka mambo hubadilika. Wanaibuka wadudu wa manjano hafifu, rangi ya kiberiti, mabawa yamesimama kama tanga la dau, na hapo kijito kizima huamka. Mwigo wake naufunga kwenye ndoana namba 16, ambayo ni ndogo sana.

Soma jinsi samaki anavyokula. Akiacha povu dogo juu ya maji, amemeza mdudu anayeelea, basi tumia chambo kinachoelea. Ukiona maji yanafura tu bila mdomo kutokeza, anawakamata wakiwa bado wanapanda, kabla hawajafika juu. Jioni nyingi nilizipoteza nikirusha chambo cha kuelea mbele ya samaki wa aina hii ya pili. Siku hizi nakilowesha ili kizame kidogo tu, chini ya ngozi ya maji.

Jambo linalowaumiza wanaoanza ni mshipi kuburuta chambo. Mdudu wa kweli huenda kwa mwendo wa maji yanayombeba. Mkondo wa katikati ukiushika mshipi wako, chambo kinakatiza maji na kuacha mstari, na trauti hakigusi. Dawa yake ni kurusha karibu. Inua fimbo juu, mshipi usiguse mkondo ule, na ukubali kuvua mita tano au sita tu. Kwenye kijito kidogo, wa kurusha mbali hushika matawi.

Ndugu wengi wanaotoka nyumbani huniuliza kwa nini nawaachia samaki waende. Kwenye sehemu kubwa ya Spring Creek hairuhusiwi kuondoka na trauti hata mmoja, na marufuku hiyo ilianzia kwenye sumu za viwandani zilizoingia majini. Mimi ningewaachia hata bila sheria, kwa sababu hawa wamezaliwa humuhumu, hawakumwagwa kutoka bwawa la kufugia. Bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla hujaanza, lowesha mikono, usimtoe majini, kisha mshike polepole akiuelekea mkondo mpaka ajikwamue mwenyewe. Mwezi Julai, kwenye mito inayopata joto, maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi mimi hukunja mshipi.

Kama umeshatimiza miaka 16, kata leseni na kibali cha trauti kabla ya kwenda. Na usiku ukirudi, kabla ya kulala, jikague mwili mzima: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni. Kupe wa Mei ni wadogo mno, na wa huku wanaambukiza ugonjwa wa Lyme.