Utomvu, ulimbo, gundi au sandarusi?

SWALI: Msomaji wa Arusha, ambaye kazi yake ni kuingiza kwenye kompyuta maandishi ya lebo za miti iliyokaushwa na kuhifadhiwa, anaeleza kwamba wakusanyaji wa zamani waliandika mara ulimbo, mara gundi, mara utomvu au sandarusi. Anauliza kama ayageuze yote yawe "utomvu" ili orodha ilingane.

JIBU: La, usiyageuze. Utomvu ndilo neno pana kuliko hayo mengine, kwa kuwa hutaja ugiligili wowote unaotoka mti unapojeruhiwa, uwe mweupe kama ule wa mnyaa au wa rangi ya asali, na kwa upana huo halitoshi kuutambulisha mti. Sampuli ikikauka hupoteza harufu na mara nyingi rangi pia, hivyo maneno machache aliyoandika mkusanyaji papo hapo porini huenda yakawa ushahidi pekee uliobaki.

Ulimbo husisitiza kunata, maana ndio unaonasia ndege. Aliyeandika "ulimbo" alikuwa anaeleza kilichomganda vidoleni, wala hakudai kujua kemia yake. Gundi, kama ile ya mgunga, huyeyuka majini. Resini, yaani utomvu wa aina nyingine unaoganda, haiyeyuki majini, bali katika spiriti au mafuta. Kwa sababu ya tofauti hiyo sioni ubaya wa kutumia "resini" katika orodha ya kitaalamu, ingawa najua wapo watakaoniita mvivu wa istilahi.

Sandarusi ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Hiyo ni resini ya mti mmoja wa pwani, Hymenaea verrucosa, ambao lebo nyingi za zamani huuita Trachylobium verrucosum. Katika karne ya 19 sandarusi iliuzwa ng'ambo kupitia Zanzibar kwa ajili ya kutengenezea vanishi, na iliyothaminiwa zaidi ilikuwa ile iliyochimbwa ardhini, hata mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha toweka. Kwa hiyo ukikuta "sandarusi" kwenye lebo ya mti wa nyika za Longido, mbali na pwani, litilie shaka jina la mti au mahali ulipokusanywa, wala usilifute neno.

Vivyo hivyo, si kila mti wa jenasi ya Commiphora hutoa manemane. Manemane tunayoisoma katika habari ya mamajusi hutoka hasa kwa Commiphora myrrha, mti wa Somalia, Ethiopia na Uarabuni. Jamaa zake walioenea katika nyika zetu wana utomvu wao, na wakati wa kiangazi, wakiwa hawana majani, utomvu huo na namna gome linavyobambuka humsaidia sana mtambuzi.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, andika "utomvu huu unanata" na "ulimbo huu unanata", lakini "sandarusi hii inanukia" na "gundi hii inayeyuka". Katika safu ya kwanza nakili maneno ya mkusanyaji kama yalivyo, pamoja na tahajia yake, hata "utonvu". Istilahi uliyoichagua wewe iingie katika safu ya pili.