Maswali na Majibu: Anayemsemea Mtoto wa Malezi ya Kambo Asiwe na Haraka

Wiki hii nimechagua barua za wanaojitolea kuwatembelea na kuwasemea watoto walio katika malezi ya kambo, yaani wanaolelewa kwa muda na familia isiyo yao, kwa sababu nyingi zinarudia kosa moja la haraka.

Nimemtembelea mtoto wa miaka tisa mara tatu, na kila nikimuuliza yaliyompata kwao ananyamaza. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

Acha kumuuliza. Mtoto huyo huenda amekwisha kuhojiwa na askari wa dawati la jinsia na watoto, na afisa ustawi wa jamii, na mwalimu wake, na kila aliyemhoji aliandika, akafunga daftari, asionekane tena. Kwa hiyo ukimya wake si ukaidi bali ni akili. Nenda siku ileile na saa ileile kila wiki, ukae naye akicheza bao au akimsaidia mlezi kuchambua mchele, na umweleze kwa maneno mepesi wewe ni nani, umetumwa na nani, na ni jambo gani huna uwezo nalo. Ukisema utarudi Jumamosi, rudi Jumamosi. Wewe mwenyewe humkopeshi jirani mgeni fedha baada ya salamu tatu, ila unataka mtoto akukabidhi msiba wake.

Malezi ya kambo si ndiyo kuasili? Mbona mama wa kambo ana sifa mbaya? (Msomaji, Tabora)

Nimeshalijibu hili zaidi ya mara moja. Kuasili humpa mtoto wazazi wapya kisheria moja kwa moja. Malezi ya kambo ni ya muda, na mke wa baba yako hahusiki hapa hata kidogo.

Nimwahidi kwamba atakachoniambia kitabaki siri yetu?

Kamwe. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, na anayejitolea hana msamaha. Mwambie mapema: "Ukiniambia kuna anayekuumiza, nitalazimika kumwambia mtu wa kukulinda, nawe utamjua kabla sijaenda." Wapo watakaonyamaza wakisikia hivyo, lakini ni afadhali wanyamaze mwezi mzima, kwa kuwa mtoto aliyedanganywa na msemaji wake humfungia mlango hata msemaji atakayefuata. Na ukimshuku mlezi, usimfuate kwanza "kumuuliza vizuri". Piga 116, simu ya bure, au nenda kwa afisa ustawi.

Naweza kumpelekea pipi na kupiga naye picha za kuweka kwenye kundi letu la WhatsApp?

Pipi, muulize mlezi. Picha, hapana.

Mtoto anataka kurudi kwa mama yake, mimi naona bado si salama. Mahakamani niseme lipi?

Yote mawili, bila kuyachanganya. Kifungu cha 11 cha Sheria hiyohiyo ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, na cha 4 kinataka maslahi yake yatangulie. Anza na maneno yake kama alivyoyasema, usiyapambe, kisha toa maoni yako na sababu zake. Kabla ya siku hiyo, mweleze kwamba mnatofautiana. Atakasirika, nawe uvumilie, kuliko alisikie kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu.

Nahamia Mwanza mwezi ujao. Nimuage lini?

Leo. Mpe tarehe ya ziara ya mwisho, uende na atakayekupokea kazi, wala usimwahidi simu usiyo na hakika ya kuipiga.