Muulize Fundi: CPU ya mtumba inanuka sigara

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua CPU na monita used, mzigo wa Uingereza, bei ilikuwa nzuri na inafanya kazi vizuri tu, tatizo nikiwasha kama nusu saa hivi chumba kizima kinanuka sigara na kwangu hakuna anayevuta. Nimepulizia airfresh, nimeianika juani kutwa, wapi. Mtoto analala humo humo. Inatoka au niirudishe dukani?

JIBU: Pole sana dada. Inatoka, ila hiyo airfresh acha leo leo. Ile siyo harufu tupu, ni lami ya moshi na nikotini imegandia ndani, feni ilikuwa inavuta moshi wa mwenye nayo miaka na miaka, ndo maana ikiwa ya baridi husikii kitu ila ikishapata moto inaanza. Ukipulizia manukato unaongeza unyevu tu na lami iko pale pale.

Kwanza itoe chumbani kwa mtoto, maana yale mabaki yanashika mikononi na watoto hawaachi kugusa. Halafu chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, fungua ubavuni. Angalia kile kidude cha alumini chenye meno meno juu ya prosesa (ile chipu kubwa inayofanya kazi zote), utakuta vumbi la kahawia limenata kama ulimbo. Vumbi la kawaida ni kijivu na blowa inalitoa, hili halitoki kwa upepo peke yake lazima lifutwe. Tafuta spiriti ya isopropili ya asilimia 99, mafundi simu wanayo, siyo sanitaiza ile ina maji na glisarini. Fungua madirisha, kaa mbali na jiko maana inashika moto haraka, vaa glavu, lowesha pamba kidogo ufute mapanga ya feni moja moja na meno yote, pamba ikija ya njano tupa chukua nyingine mpaka ije nyeupe. Ukipiga blowa shika feni kwa kidole isizunguke.

Kasha la nje sabuni ya vyombo inatosha, kitambaa kikamuliwe haswa. Kioo cha monita usikiguse na spiriti, maji kidogo na kitambaa laini tu, na tina ile ya kuchanganyia rangi usiisogeze kabisa inakula plastiki.

Ukimaliza iache ikauke vizuri, kisha ifungie kwenye boksi na mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa siku kadhaa. Mkaa bila kufuta kwanza ni kupoteza muda.

Sasa pawasaplai, lile boksi la ndani linalochomekwa waya wa umeme, hiyo usiifungue, kapasita zake zinatunza umeme hata ukishachomoa. Na upepo mwingi unapita humo, kwa hiyo kama bado inanuka baada ya yote haya huenda ni yenyewe, mpe fundi aisafishe au abadilishe. Kuhusu kurudisha, kama duka linakubali, wapelekee kabla hujafungua skrubu hata moja.